Kujinasua Ukiwa Chini Katika Jiu-Jitsu ya Kibrazili

Miezi ya mwanzo ya jiu-jitsu ya Kibrazili mtu huishi chini. Anayekuzidi uzoefu atapita miguu yako, atakulalia ubavuni, atakukalia, atakuzunguka mgongoni, na wewe utabaki unasukuma kwa mikono mpaka pumzi ikate. Mtazame mwanafunzi wa mkanda mweupe aliyekwama: mara nyingi mbinu anaijua. Kinachomwangusha ni mpangilio. Anataka kutoka kabla hajajilinda, na akishapata upenyo haingizi chochote ndani yake.

Upenyo huo ndio mzizi wa habari yote. Unapomwinua mtu kwa nyonga, nafasi inayofunguka kati yenu hudumu chini ya sekunde moja. Ukiijaza kwa goti, kiwiko au unyayo, ni yako. Usipoijaza, uzito wake unaifunga papo hapo, naye anakaa vizuri kuliko mwanzo huku wewe umemaliza nguvu. Ndiyo maana karibu kila mbinu hapa chini inakwenda kwa mfuatano mmoja: linda shingo na viwiko, geuka ubavu, fungua nafasi, jaza nafasi. Anayeruka hatua ya kwanza ndiye anayeishia kugonga mkeka, yaani kukubali kushindwa.

Maneno machache yatakayojirudia: gadi ni pale miguu yako inapokuwa kati yako na mwenzako, na nusu gadi ni pale miguu yako inapokuwa imenasa mguu wake mmoja tu. Maunti ni kukukalia akiwa na goti kila upande. Kulabu ni miguu yake iliyoingizwa ndani ya mapaja yako. Fremu ni mfupa wako uliowekwa kati yenu kuzuia uzito wake.

Mikono kwanza

Fremu nzuri haitumii misuli sana. Unaweka kigasha, si kiganja, juu ya sehemu ya mwili wake isiyobonyea: mfupa wa nyonga, mfupa wa bega, upande wa shingo. Kiwiko kinabaki kwenye pembe ya nyuzi 90 hivi, kikiwa karibu na mbavu zako. Ukinyoosha mkono wote, umempa kiwiko cha kuvunja. Ukiukunja kabisa, unaanguka juu ya kifua chako. Njia ya kujipima ni rahisi: mwambie mwenzako aweke uzito, kisha legeza misuli ya mkono. Kama fremu imesimama, mifupa inafanya kazi. Kama imeporomoka, ulikuwa unapiga pushapu ukiwa umelala chali, na hakuna anayeweza kupiga pushapu za namna hiyo kwa dakika tano.

Viwiko visiachane na mbavu kwa zaidi ya upana wa ngumi. Kwapa likifunguka, mkono wake unapita, na akishapitisha mkono kwapani amekutawala bega na karibu kila kitu kinachofuata.

Kuhusu pumzi: ukiwa chali na kifua cha mtu kimekulalia, mbavu hazipanuki. Ukigeuka ubavu hata kidogo, upande wa juu unapata nafasi ya kupumua. Toa pumzi kwa nguvu kila unaposukuma, kisha vuta pole pole kwa pua. Wanaobana pumzi wakisubiri "muda mzuri" huchoka kabla muda huo haujafika.

Daraja na kuchomoa nyonga

Hizi ni harakati mbili ambazo bila hizo hakuna cha kujinasua.

Daraja: lala chali, visigino viwe karibu na makalio, kama shubiri moja hivi. Sukuma sakafu kwa nyayo, inua nyonga juu kabisa, kisha geukia bega moja huku ukitazama nyuma ya bega hilo. Mpangilio ni juu kwanza, pembeni baadaye. Uzito wako unakaa juu ya bega. Ukiupeleka kwenye utosi unaumiza shingo. Visigino vikiwa mbali, mapaja yanakosa nguvu na daraja linakuwa fupi. Hilo ndilo kosa linalojirudia kuliko yote, na kulirekebisha ni suala la kuvuta miguu tu.

Kuchomoa nyonga: geuka ubavu, panda unyayo wa mguu wa juu karibu na makalio, sukuma, na makalio yarudi nyuma mbali na mwenzako mpaka mwili unakunjika kiunoni. Mikono inabaki mbele ya kifua kama inasukuma ukuta. Kwa msukumo mmoja nyonga zisogee angalau shubiri mbili. Kama zimesogea vidole vinne tu, ama unaburuza makalio bila kuyanyanyua kidogo, ama umebaki chali. Mtu aliyelala chali hawezi kuchomoa nyonga, anajipindapinda tu.

Fanya urefu wa mkeka mara mbili kila kipindi, ukibadilisha upande kila mara. Inachosha na haifurahishi, lakini ukiacha, utaona matokeo yake mtu mzito akikulalia.

Kubanwa ubavuni

Tuseme yuko upande wako wa kulia, kifua chake juu ya chako, kichwa chake kimevuka upande wako wa kushoto. Mkono wake wa kushoto uko chini ya kichwa chako na bega lake linakusukuma taya ili utazame kushoto, mbali naye. Mkono wake wa kulia uko kwenye nyonga yako ya mbali au umepita chini ya kwapa lako la kushoto. Silaha yake kubwa ni lile bega la usoni. Kichwa kikitazama kushoto, uti wa mgongo unafuata, na huwezi kugeuka kulia kumkabili.

Kwa hiyo anza na uso. Usingoje alibane bega; mara tu unapohisi gadi yako imepitwa, tia kigasha cha mkono wa kushoto kwenye upande wa shingo yake, kiwiko kikiwa kimebaki ndani, na mkono wa kulia uzuie nyonga yake, kigasha kikiwa kimelala juu ya mfupa. Ukichelewa ukamkuta amekwisha kukubana, mikono itakuwa imenaswa nje, na kazi ya kwanza itakuwa kuirudisha ndani: daraja dogo, mkono mmoja unateleza ndani; daraja dogo tena, wa pili unateleza. Hapo hujatoka, na wala usijaribu kutoka. Umerudi tu mahali pa kuanzia.

Njia ya kwanza ni kurudisha gadi.

1. Piga daraja kuelekea kwake, juu ya bega la kulia. Lengo si kumpindua. Unataka uzito wake upande juu na fremu zako zipate kuingia chini yake.
2. Anaposhuka kutafuta mizani, usishuke naye mahali palepale. Acha fremu zimshikilie alipo na wewe uchomoe nyonga kwenda kushoto. Fremu haimsukumi yeye. Inakusukuma wewe mbali naye. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanamnyanyua kwa mikono wakiwa wamelala palepale.
3. Pitisha goti la kulia, yaani la mguu wa chini, kati ya kiwiko chako cha kulia na nyonga yake. Goti liingie kwanza, ugoko ufuate ulale kwenye tumbo lake.
4. Panda unyayo wa kushoto kwenye nyonga yake au uuzungushe mgongoni mwake, rudisha kichwa na mabega mkabiliane, funga gadi (miguu yako ifungane nyuma yake) au kaa na gadi wazi.

Goti likigonga mwili wake likarudi, nyonga hazikusogea vya kutosha. Usilazimishe goti. Chomoa nyonga mara ya pili, hata ya tatu. Ukipata nusu gadi peke yake, ichukue. Mguu mmoja ulionaswa unamzuia kuhamia maunti, na kutoka hapo unaweza kuchomoa upande wa pili ukakamilisha gadi.

Aliye juu naye si jiwe. Akiona fremu yako kwenye nyonga, atasogeza goti lake lililo karibu na kichwa chako, alibane dhidi ya bega lako, au atazungusha miguu aelekee kichwani. Kila anapoinua uzito ili ahame, ndiyo nafasi yako. Daraja linalopigwa wakati ametulia linamwinua kidogo. Linalopigwa wakati anahamisha goti linamwondoa. Ukitaka kujifunza kitu kimoja tu kwenye sehemu hii, jifunze kungoja anaposogea, huku mikono ikiwa ndani.

Njia ya pili ni kwenda magotini, na inafaa pale anapokuwa amesogea juu mno akibana kichwa huku nyonga zako ziko huru. Badala ya kuweka kigasha cha kushoto shingoni, kipenyeze chini ya kwapa lake la kulia, mkono ukumbatie mgongo wake. Piga daraja, chomoa nyonga kwenda kushoto, kisha pindua miguu chini uje juu ya magoti ukiwa umemkabili, sikio lako likiwa limeganda kwenye mbavu zake. Mkono wa kulia unashika nyuma ya goti lake la karibu. Kutoka hapo endesha miguu umwangushe kwa kumvuta mguu, au simama.

Hatari yake ni shingo. Ukija magotini na kichwa kimeinama na mkono wa kwapani umelegea, anakufunga kabali ya mbele, mkono wake ukipita chini ya kwapa lako na kuzunguka shingo. Dalili ni kwamba kifua chake kimekuwa juu ya kisogo chako. Ukiisikia, usiendelee kusukuma. Lala tena ubavu, rudisha fremu, anza upya. Mkono wa kwapani ukishindwa kufika mgongoni na kuishia begani, njia hii haijaiva na urudi kwenye ile ya kwanza.

Kuna wanaobana kwa kukaa: nyonga imegeuka kuelekea kichwa chako, wamekumbatia shingo na wamekumbata mkono wako wa karibu. Hapo kwanza vuta kiwiko cha mkono ulionaswa mpaka sakafuni kati ya mbavu zake na zako, kisha sukuma taya yake kwa kigasha kingine na umfuate mgongoni. Mkono usipotoka, chochote kingine ni kujichosha.

Kukaliwa

Maunti inatisha kuliko zote kwa sababu kila kitu kiko juu yako, lakini kwa mtazamo wa mizani ni nafasi ya mtu aliyesimama kwa nguzo nne: magoti mawili na mikono miwili. Ondoa nguzo mbili za upande mmoja na anaanguka upande huo. Zisipoondoka, hata uwe na nguvu gani, atajizuia kwa mkono au atapanua goti.

Ulinzi: viwiko vibane mbavu, mikono karibu na kola yako, usisukume kifua chake. Mkono ulionyooka juu ndio anaoungojea auzunguke kwa miguu na kunyoosha kiwiko. Zuia magoti yake yasipande kwenye makwapa. Mtu akiwa amekalia kifua badala ya tumbo, daraja lako halimfikii, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kumrudisha chini: piga daraja fupi fupi kuelekea kichwani, na kila anapoegemea mbele, viwiko viteleze chini ya magoti yake.

Mbinu ya daraja na kupindua, maarufu kwa jina la upa, inahitaji mambo manne kwa wakati mmoja. Ukitaka kumpindua kulia kwako:

1. Mkono wake wa kushoto ubanwe. Ukumbatie kwa mkono wako wa kulia juu ya kiwiko chake, uuvute kifuani.
2. Unyayo wako wa kulia uvuke nje ya mguu wake wa kushoto, uuzuie kifundoni usipanuke.
3. Visigino vyote vije karibu na makalio.
4. Nyonga zipande juu kabisa, ahisi anaanguka mbele ya kichwa chako, kisha geukia bega la kulia.

Wengi wanageukia pembeni kabla nyonga hazijapanda, na aliye juu anaelea tu. Wengine wanabana mkono wakasahau mguu; anapanua goti, anasimama kama meza yenye mguu wa ziada. Ukipindua vizuri utajikuta ndani ya gadi yake, mara nyingi imefungwa. Inuka haraka mgongo wima, mikono kwenye mapaja au kiuno chake, maana akikuvuta shingo mara hiyohiyo umetoka shimo moja ukaingia jingine.

Upa inafanya kazi pale anapoweka mkono karibu nawe: anakukaba, anashika kola, anakumbatia kichwa. Akiwa amekaa wima mikono yake huru, hakuna cha kubana. Hapo unahitaji kiwiko na goti.

Geuka kidogo ubavu wa kulia. Mguu wa kulia ulale sakafuni umenyooka. Wa kushoto upande unyayo. Kiwiko cha kulia kiguse sakafu mbele ya goti lake la kushoto, upande wa ndani, na kiganja cha kushoto kisaidie kwenye nyonga au goti lilelile. Sukuma kwa mguu wa kushoto, chomoa nyonga kwenda kushoto, na goti la kulia lipande likitelezea sakafuni mpaka liguse kiwiko chako. Kiwiko na goti vikikutana, umepita chini ya mguu wake. Nasa mguu huo kwa miguu yako yote miwili, nusu gadi imepatikana. Pumua. Kisha geuka ubavu wa kushoto, chomoa nyonga kwenda kulia, toa goti la kushoto, kamilisha gadi.

Angalia ule mguu wa kulia. Ukiukunja mapema, goti linasimama na kugonga paja lake, na utalalamika kuwa mbinu haifanyi kazi. Lazima ulale chini ili goti lipite kwenye mwanya mwembamba ulioko kati ya ugoko wake na sakafu. Kama amezungusha miguu yake ndani ya yako kwa kulabu, mwanya huo haupo kabisa: kwanza nyoosha mguu mmoja kwa nguvu, uzungushe kutoka ndani kwenda nje mpaka kulabu iachie, ulaze haraka, na ndipo uanze.

Upa na kiwiko na goti zinalishana, na ndiyo siri ya watu wanaoonekana hawakaliki. Ukipiga upa ya kweli, atapanua goti ili asipinduke. Goti lililopanuka limeacha mwanya, ingiza lako. Ukianza kuingiza goti, ataegemea mbele na kuweka mkono sakafuni kuzuia. Mkono huo ubane, pindua. Usikae ukijaribu moja mara tano mfululizo. Jaribu moja kwa nguvu zote, sikiliza anavyojibu, ingia ya pili bila kupumzika katikati.

Kugeuka tumbo chini ili kukwepa maunti ni kosa ambalo mwili unalitaka sana. Ubavu sawa, tumbo chini, umempa mgongo na shingo kwa pamoja.

Goti tumboni

Hapa muda ni mfupi kwa sababu maumivu yanakusukuma kufanya ujinga. Ujinga wenyewe ni kulisukuma goti kwa mikono miwili iliyonyooka, ataunyakua mmoja. Yuko kulia kwako, ugoko wake umevuka tumbo. Weka kigasha cha kulia dhidi ya goti, kiwiko kimebana ubavu, mkono wa kushoto ulinde kola. Daraja dogo, chomoa nyonga kwenda kushoto, goti la kulia liingie. Ni njia ya kwanza ya ubavuni kwa haraka zaidi, na mara nyingi ni rahisi kwa kuwa uzito wake umekaa juu na hana kifua cha kukulalia. Usigeuke kushoto kumpa mgongo, hata kama linaumiza.

Mtu akiwa mgongoni

Kabali ya nyuma inabana mishipa ya shingo pande zote mbili, na ikishakaa sawasawa mtu hupoteza fahamu ndani ya sekunde chache. Kwa hiyo mikono yako miwili ina kazi moja: mkono wake unaokaba. Tuseme mkono wake wa kulia umepita juu ya bega lako la kulia, na wa kushoto umepita chini ya kwapa. Wa kulia ndio wa hatari. Ushike kwa mikono miwili kwenye kifundo cha mkono na juu kidogo yake, uvute chini kifuani. Kidevu kiinamie upande wa kiwiko chake, lakini usikitegemee. Mtu mwenye nguvu anakibana kidevu chenyewe mpaka kinaachia. Vidole vyake usivikunje kimoja kimoja, ni kinyume cha kanuni za mchezo na ni uhuni.

Upande wa kulalia una maana kubwa. Lala upande wa mkono wa kwapani, hapa kushoto. Ukilala upande wa mkono unaokaba, uzito wako mwenyewe unamsaidia kukubana. Akikuangusha upande mbaya, jizungushe kwa daraja urudi upande unaoutaka kabla ya kujaribu kingine.

Kutoka hapo, telezesha makalio chini kidogo ili mabega yako yawe chini ya yake, kisha lenga jambo moja: bega lako la kushoto na kisogo viguse sakafu. Mgongo wako ukiwa mkekani, yeye hana mgongo wa kushika. Kulabu yake ya chini, ya mguu wa kushoto, itoe kwa kunyoosha mguu wako na kuivuka, ukiisaidia kwa mkono wa kushoto pale tu kabali imekwisha kulegea. Vusha nyonga zako juu ya mguu huo ziguse sakafu. Sasa atajaribu kupanda akukalie, usimwache. Kiwiko kizuie paja lake la juu, miguu inase mguu wake mmoja, kisha geuka umkabili.

Makosa mawili yanarudi sana. La kwanza ni kuacha mkono unaokaba ili kupigana na miguu. Kulabu haijawahi kumkaba mtu. La pili ni kugeuka kumkabili kabla bega halijafika sakafuni, ambapo unamzungukia moja kwa moja kwenye kabali.

Akivusha vifundo vya miguu yake mbele yako, weka mguu wako juu ya vifundo hivyo, ufunge kwa mguu mwingine, na usukume nyonga mbele. Atagonga au ataachia.

Kobe

Kuwa juu ya magoti umejikunja si mahali pa kupumzikia. Viwiko viguse ndani ya magoti, mikono ilinde shingo, na usikae zaidi ya pumzi mbili tatu. Anapopeleka mkono mbele, uuvute na ujiviringishe upande huo urudi kwenye gadi. Akisogea kichwani, shika mguu na usimame. Kila sekunde ya ziada ni kulabu inayoingia.

Namna ya kuyafanyia mazoezi

Sparingi ya kawaida, yaani kupambana kwa mazoezi, haifundishi kujinasua vizuri, kwa sababu ndani ya dakika tano unaweza kukaliwa mara moja tu na mara hiyo ukagonga. Anza kutoka nafasi mbaya yenyewe. Mwenzako akae maunti, mnaanza, na ukitoka au akikumaliza mnarudi palepale. Dakika 2 kwa kila mmoja, mnabadilishana, raundi 3. Kwa muda wa dakika 12 utakuwa umekaliwa mara nyingi kuliko kwa wiki mbili za sparingi huru.

Kabla ya hapo mbinu ipite ngazi tatu. Mwanzo mwenzako hatumii nguvu, unafanya marudio 10 kila upande ukihakikisha viwiko na miguu viko mahali pake. Halafu anaweka uzito na kukufuata, ila hashambulii. Mwisho anafanya anachotaka. Wakufunzi wengi huruka ngazi ya katikati, na hapo ndipo mbinu safi inapokufa, maana mwanafunzi anatoka kwenye mwili uliolegea kwenda kwenye mwili unaopigana bila kuonjeshwa uzito. Ngazi ya katikati ipewe muda mrefu kuliko zote.

Chagua nafasi moja kwa wiki mbili au tatu. Ukishikilia ubavuni pekee kwa muda huo, utaanza kuhisi bega la usoni linapotaka kuja kabla halijafika. Kujaribu nafasi tano kwa siku moja kunakupa orodha tu.

Kwa anayeshindana, jua hesabu. Kwa kanuni za IBJJF, shirikisho la kimataifa la jiu-jitsu ya Kibrazili, kupita gadi ni pointi 3, maunti 4, kuwa mgongoni na kulabu mbili 4, goti tumboni 2, na nafasi inatakiwa ishikiliwe sekunde 3. Fremu ikiwahi ndani ya sekunde hizo, pointi haihesabiwi, na hiyo ni sababu tosha ya kutolala ukisubiri. Upande wa pili, kumpindua kutoka maunti ukaangukia gadi yake hakukupi pointi yoyote, kwa sababu ufagiaji, yaani kumpindua aliye juu, unahesabiwa tu ukianzia gadi au nusu gadi. Umerudi sifuri, na yeye bado anaongoza.

Ukifanya na mtu anayekuzidi kilo 20 au zaidi, punguza upa na uongeze kuchomoa nyonga. Unachosogeza ni mwili wako, si wake. Mkubaliane asikulalie uzito wote kwenye goti tumboni, maana mbavu zikiteguka zinachukua wiki kadhaa kupona na kila daraja litakukumbusha. Na kiwiko kikianza kunyooka au kabali ikakaa, gonga mapema, mara mbili, mahali anapoweza kuhisi: mwilini mwake. Mkono ukiwa umenaswa, sema kwa sauti.